Wapagazi Walioupa Mtaa Jina Lao



Mwezi wa Novemba Mama Kanisa anatualika kuwakumbuka marehemu wetu, na kila familia ina orodha yake: babu na bibi, mzazi, mtoto aliyetutoka mapema, jirani. Juma hili napenda tuwageukie marehemu wengine ambao si wa ukoo wetu, wala hatukupata kuziona sura zao, lakini jina lao tunalitamka kila siku pasipo kujua. Unaposimama kituoni na kumsikia kondakta akiita "Kariakoo! Kariakoo!", unasikia jina la kikosi cha watu ambao wengi wao walikufa mbali na kwao na kuzikwa bila jina.

Wengi wetu tuliwahi kusikia shuleni kwamba neno Kariakoo limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Tulilisikia kama tunavyosikia mambo mengi ya darasani, likapita. Tulirudie leo taratibu.

Waingereza waliingia Dar es Salaam tarehe 4 Septemba 1916. Upande wa magharibi ya mji, ng'ambo ya uwanda tunaouita Mnazi Mmoja, walilikuta jengo kubwa ambalo Wajerumani walikuwa wamelisimamisha muda mfupi kabla ya vita. Mahali hapo wakapafanya kambi ya wapagazi. Watu wa mji walilichukua jina la kikosi, wakalipa sauti ya Kiswahili, na hata kambi ilipoondoka jina lilibaki. Vita vilipokwisha jengo lile likawa soko. Nairobi nako kuna mtaa wenye soko unaoitwa Kariokor, na asili ya jina lake ni hiyo hiyo.

Kwa nini jeshi lilihitaji wapagazi wengi kiasi hicho? Reli zilikuwa mbili tu, ya Tanga na ya Kati, na mapigano yalihamia mbali nazo, kwenye mabonde ya Rufiji, Kilwa na Lindi. Farasi, nyumbu na ng'ombe walikufa kwa ndorobo. Magari yalizama katika matope ya masika. Kilichosalia ni kichwa na mabega ya binadamu. Kila chakula, kila risasi, kila kitanda cha majeruhi kilibebwa na mtu, kwa mzigo wa kilo ishirini na kitu, siku baada ya siku. Na kadiri safari ilivyorefuka, ndivyo wapagazi walivyohitaji wapagazi wengine wa kuwabebea chakula chao wenyewe.

Nisieleweke vibaya: kazi ya upagazi haikuwa aibu katika nchi hii. Wanyamwezi wa karne ya 19 waliifanya kwa fahari, wakaja pwani kwa misafara, wakajadiliana malipo, na kijana aliyerudi kutoka Bagamoyo aliheshimiwa nyumbani. Vita viliigeuza kazi hiyo kuwa kamatakamata. Machifu waliamriwa kutoa watu. Askari walizingira vijiji usiku. Wajerumani nao, chini ya Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck, walifanya vivyo hivyo upande wao, na Wabelgiji wakaja na wapagazi kutoka Kongo. Upande wa Waingereza peke yake, wakihesabiwa watu wa nchi zote, wapagazi walikaribia milioni moja: Waganda, Wakikuyu, Wakamba, Wajaluo, Wasukuma, watu wa Nyasa na wa Rhodesia ya Kaskazini, hata watu wa Sierra Leone na Nigeria walioshushwa kwa meli katika pwani yetu.

Waliouawa kwa risasi walikuwa wachache. Wengi waliuawa na kuhara damu, malaria na homa ya mapafu. Watu waliozoea ndizi au mtama walipewa unga wa mahindi mbichi wasio na muda wala kuni za kuupika ukaiva, na matumbo yao hayakuuweza. Watu wa nyanda za baridi waliletwa kwenye joto la pwani, na watu wa pwani wakapandishwa kwenye baridi ya milima, mara nyingi bila blanketi. Hesabu rasmi za Waingereza zilikiri vifo vya wapagazi zaidi ya 40,000; wanahistoria wengi wanaona idadi ya kweli ilikaribia 100,000. Nyuma yao vijiji vilibaki bila nguvu kazi na bila akiba. Huko Ugogo watu walikumbwa na njaa iliyoitwa Mtunya, kati ya mwaka 1917 na 1920, baada ya majeshi kuchukua watu, nafaka na mifugo, na mvua nazo kukosekana.

Askofu mmoja aliyaona mambo haya kwa macho yake. Frank Weston, Askofu Mwanglikana wa Zanzibar, alikiongoza yeye mwenyewe kikosi cha wapagazi wa visiwani mwaka 1916, akatembea nao. Mwaka 1920 aliandika kijitabu cha kulaani kazi za shuruti katika makoloni ya Waingereza, akiwaita Waafrika watumwa wa Uingereza. Hakuwa wa Kanisa letu, lakini sioni sababu ya kutomtaja kwa heshima.

Sasa niwaombe tusimame kidogo kwenye jambo linalonisumbua kuliko mengine, nalo ni jambo la majina.

Mkuu wa kikosi cha wapagazi, Oscar Watkins, alijitahidi kuweka utaratibu. Mpagazi alipewa kibati chenye namba. Lakini mtu aliyekamatwa usiku huweza kutaja jina lolote. Karani asiyeijua lugha yake huliandika atakavyo. Na kijiji alichokitaja huweza kuwa na majina matatu. Mtu huyo alipofia njiani, kilichobaki ni namba isiyo na mwenyewe. Vita vilipokwisha, mishahara ya maelfu ya marehemu ilibaki bila kudaiwa. Watkins alitaka fedha hizo ziwafaidie Waafrika wa nchi zile zilizowatoa, akahangaika kwa miaka mingi, na serikali ya London ikakataa. Jamaa zao hawakwenda kudai kwa sababu hakuna aliyewaambia kwamba mtu wao amekufa. Pengine mama alikuwa bado anamngoja. Kwa desturi zetu mnajua maana yake: hakuna aliyeketi matanga, hakuna aliyenyoa nywele, mke hakujua kama ni mjane.

Serikali ya kikoloni ilijenga kumbukumbu, ni kweli. Sanamu ya Askari tunayoizunguka pale Samora ilizinduliwa mwaka 1927, mahali ambapo Wajerumani walikuwa wamemweka Hermann von Wissmann wa shaba kabla Waingereza hawajamng'oa. Maandishi yake, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, cha herufi za Kiarabu pia, yalitungwa na Mwingereza Rudyard Kipling. Yanawataja wapagazi kuwa mikono na miguu ya jeshi, na yanaahidi kwamba jina la anayekufa vitani litakumbukwa na wanawe. Lakini aliyesimama juu ya jiwe lile ni askari mmoja na bunduki yake. Mpagazi ametajwa katika maneno.  Nairobi wana sanamu tatu pamoja, na mojawapo ni ya mpagazi. Sisi, ambao mtaa wetu mkubwa kuliko yote unaitwa kwa jina lake, hatuna. Na ile ahadi ya wana kulikumbuka jina? Mwezi Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri katika ripoti na kuomba radhi kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, waliotumikia jeshi la Waingereza katika vita hivyo, hasa watu wa Afrika ya Mashariki na Misri, hawakuwekewa kumbukumbu kwa majina yao, au hawakuwekewa kabisa. Miaka mia moja na kitu ilikuwa imepita.

Kumbukumbu iliyo bora zaidi, kwa maoni yangu, iko sokoni kwenyewe, na tunaikanyaga. Ukitoka sokoni utapita Mtaa wa Tandamti. Sogea utakutana na Narung'ombe, na usipochoka utafika Mahiwa. Nimeishi miaka mingi nikidhani ni majina tu, kama Sikukuu au Mchikichi. Siyo. Narung'ombe ni mahali katika bara la Kilwa palipopiganwa Julai 1917. Tandamti ni kilima magharibi ya Lindi kilichopiganiwa Agosti mwaka ule ule. Na Mahiwa, karibu na misheni ya Wabenediktini ya Nyangao, ambayo wengi wenu mnaijua kwa sababu ya hospitali yake, ndipo palipotokea mapigano makali kuliko yote ya vita vile katika nchi yetu, kwa siku nne, kuanzia tarehe 15 Oktoba 1917. Waingereza walipoteza watu zaidi ya 2,000, waliokufa na waliojeruhiwa, wakiwamo Wanigeria wengi. Hayo ni mahesabu ya askari.

Basi watazameni wanaopita katika mitaa hiyo leo. Neno machinga, kwa masimulizi ya wengi, limetokana na Wamachinga wa Lindi, kwa kuwa vijana wa kusini ndio waliojulikana mapema mjini kwa kutembeza bidhaa. Kijana wa Lindi anapita Mtaa wa Mahiwa na mzigo wa mashati begani, juani, na hakuna aliyemwambia kwamba mtaa huo una jina la kijiji cha jirani na kwao, wala kwamba babu ya babu yake huenda alikimbia porini siku ile ya Oktoba. Nyuma yake makuli wanasukuma mikokoteni wakipiga mluzi watu wapishe. Madukani wamejaa wafanyabiashara wa Kongo, Zambia na Malawi wanaofunga mizigo ya kwenda kwao. Ni nchi zile zile zilizotoa wapagazi. Ndugu hawa wamekutana hapa zaidi ya mara moja, na mara zote kulikuwa na mzigo katikati yao.

Watu waliohamia Kariakoo baada ya vita walikuwa wageni wao kwa wao. Walitoka Uzaramo, Rufiji, Unyamwezi, Umanyema, Unyasa, wakapanga vyumba katika nyumba za Kiswahili zenye ukumbi katikati. Hofu yao kubwa, wazee wamesimulia hivyo na watafiti wakaandika hivyo, haikuwa njaa. Ilikuwa ni kufa ugenini bila mtu wa kukuzika. Ndiyo maana vyama vingi walivyovianzisha, vya watu wa kabila moja au wa sehemu moja, viliweka kuzikana miongoni mwa kazi zake za kwanza. Mwanachama alitoa senti zake, na siku yake ikifika sanda ilipatikana, kaburi lilichimbwa na barua ilipelekwa kwao. Kizazi kilichokuwa kimeona ndugu wakipotea bila habari kilijua thamani ya barua ile.

Katika mazingira hayo hayo ndipo ilipozaliwa African Association mwaka 1929. Mmoja wa waasisi wake, Kleist Sykes, alikuwa amepigana vita vile katika jeshi la Wajerumani. Ofisi ya chama hicho, iliyojengwa kwa nguvu za kujitolea katika mtaa ambao leo unaitwa Lumumba, ndimo ilimozaliwa TANU tarehe 7 Julai 1954. Mwanawe Kleist, Abdulwahid, aliyepelekwa Burma katika vita vya pili, alikuja kuwa msimamizi wa soko la Kariakoo. Hayo ni ya historia nyingine, na waandishi wengine wameyaeleza vizuri. Mimi nimeyataja ili tuone kwamba watu walioanza kwa kuchangiana sanda hawakuishia kwenye sanda.

Kanisa linaifundisha kazi ya kuzika wafu kuwa mojawapo ya matendo ya huruma ya kimwili. Mnamkumbuka Tobiti, mkimbizi katika Ninawi, aliyekatiza chakula chake ili kwenda kuchukua maiti ya mtu aliyetupwa sokoni. Sokoni, ndivyo Maandiko yanavyosema.

Jengo la soko tunalolijua, lile lenye paa kama miavuli, lilibuniwa na Mtanzania, msanifu Beda Amuli, na Mwalimu Nyerere akalifungua tarehe 8 Desemba 1975. Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 liliwaka moto, na wapo miongoni mwenu mliopoteza mtaji wote katika usiku mmoja. Lakini kuna siku nyingine ambayo sidhani mtu wa Kariakoo ataisahau.

Jumamosi tarehe 16 Novemba 2024, majira ya saa tatu asubuhi, ghorofa la biashara liliporomoka katika eneo la Mchikichi na Aggrey. Mji huu ulikuwa umeshaonja uchungu huo Ijumaa Kuu ya mwaka 2013, tarehe 29 Machi, lilipoanguka jengo lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi na watu 36 wakapoteza maisha. Mwaka 2024 waliofika kwanza walikuwa ni watu waliokuwa karibu: wauza viatu, makuli, madereva wa bodaboda, wateja waliokuwa wameshika mifuko yao. Walichimba kwa nyundo na kwa mikono, kisha vikosi vya uokoaji vikaungana nao. Chini, katika ghorofa la ardhini, kulikuwa na watu hai, na baadhi yao waliweza kupiga simu. Uokoaji uliendelea kwa siku kadhaa. Zaidi ya watu 80 walitolewa wakiwa hai. Waliofariki hawakupungua 29. Siku chache baadaye baadhi ya miili iliagwa katika viwanja vya Mnazi Mmoja, ule ule uwanda ambao wapagazi walikuwa wakiutazama kutoka kambini kwao. Serikali iliunda tume ya kukagua majengo ya Kariakoo, na ni haki ya wafiwa, na yetu sisi sote tunaopanda ngazi za majengo hayo, kuendelea kuuliza kazi hiyo ilizaa nini.

Waliokuwa chini hawakuwa ndugu wa waliokuwa wakichimba. Hakuna aliyeuliza kabila la sauti inayotoka chini ya zege, wala dini yake. Wakiuliza, waliuliza jina: "Unaitwa nani? Mko wangapi?" Watu wa mikoani walisafiri usiku kuja kuwatafuta wao, na waliowapokea ni watu wasiowajua. Mimi nimeshiriki misiba mingi katika mitaa hii, na nakiri kwamba ya Wakristo imepikiwa na majirani Waislamu, na makaburi ya Waislamu yamechimbwa na vijana wetu, mara nyingi zaidi ya nilivyoweza kuhesabu. Wageni wanaoishia kuzikana wanaacha kuwa wageni, ingawa bado hawajui ukoo wa kila mmoja.

Tangu tarehe mosi ya mwezi huu daftari la majina ya marehemu liko mezani, kwenye mlango mkubwa, kama ilivyo desturi. Nitaomba Misa ya jioni ya tarehe 16 itolewe kwa ajili ya waliofariki Kariakoo, na pamoja nao wapagazi wa mwaka 1914 hadi 1918, wa majeshi yote. Majina yao sina. Nimeandika: "Wapagazi."

Mwaka uliopita, katika daftari hilo hilo, mama mmoja aliniuliza kama inaruhusiwa kumwandikisha mtu ambaye hujui jina lake. Nilimwambia aandike anachokijua. Alifikiri kidogo, akachukua kalamu, akaandika kwa herufi kubwa: KIJANA ALIYENIUZIA BEGI LA SHULE LA MWANANGU, MTAA WA MCHIKICHI.